Mkamwana Asiyejua Kunyamaza

Siku hizi wananiita shuleni nikaongee na walimu kuhusu uvumilivu. Wananipa soda ya moto, wananikalisha mbele, halafu mwalimu mkuu anasimama na kusema, "Tujifunze kuwavumilia watu wenye matatizo kama ya mama huyu." Kuwavumilia! Njaa ndiyo inayovumiliwa, jamani. Mbu wa Kyela wanavumiliwa, maana utawafanya nini. Mimi nimekaa pale na gauni langu la kanisani, nimejipaka mafuta, naambiwa mbele ya watu kwamba navumiliwa. Nanyamaza kwa sababu nimealikwa, na soda yenyewe nimeshaifungua.

Yaani nanyamaza kwa kadiri ninavyoweza, maana kunyamaza ndiyo shida yenyewe.

Shingo yangu hujitupa upande wa kushoto bila kuniomba ruhusa. Macho yanafinyika. Kisha kooni unatoka mlio mmoja mfupi, "Hup!", na mara nyingine miwili au mitatu inafuatana. Daktari mmoja wa Mbeya, nikiwa tayari mtu mzima niliyekwisha haribikiwa na kila kitu, ndiye aliyeniambia kwamba hiyo ni hitilafu ya mishipa ya fahamu. Si wazimu, si pepo, si kifafa, na mtu hawezi kuambukizwa kwa kunywea kikombe changu. Akasema ugonjwa wenyewe una jina la daktari wa Ulaya wa zamani. Nikamwambia abaki nalo, nimeshaitwa majina ya kutosha.

Watu huniuliza, "Kwani huwezi kujizuia?" Wewe chafya unaizuia? Utabana pua, utauma midomo, macho yatajaa machozi, utaisogeza mbele kidogo, na ikitoka itatoka na vumbi lote. Ndivyo ilivyo. Nikiwa na hofu inazidi. Nikiambiwa nisifanye, ndiyo kwanza inakuja mbio. Na kuna mahali pamoja tu ambapo inapotea kabisa, napo ni katika kuimba. Nikianza wimbo, shingo inatulia, koo linakuwa safi, mpaka amina. Kwa nini, hata daktari hakujua. Lakini uimbaji huo ndio ulioniozesha, na ndio uliokuja kunifukuzisha.

Nimezaliwa Matema, pale milima inaposhuka mpaka majini. Nyumbani walikwisha zoea. Watoto waliniigiza, nikawapiga, wakaacha. Mama alinipeleka kwa waganga, nikachanjwa mpaka mgongoni, halafu siku moja akachoka akasema, "Mwacheni, ndivyo alivyo," na tangu hapo kwetu halikuwa jambo. Kwaya ya Ngonga ilipokuja kuimba kanisani kwetu, kulikuwa na kijana mmoja wa sauti ya nne ambaye hakunitolea macho. Baadaye, kwenye foleni ya chakula, akaniona shingo inavyoruka. Akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Basi tu? Mimi nilidhani una kilema cha maana." Nikampenda hapohapo, akanioa, nikahamia kwao Ngonga. Mjinga mimi.

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yakaanza kujaa, mitumba ikaingia, watu wakavuka mto Songwe mchana kweupe kwenda Malawi na mchele na kurudi na sukari na sabuni, na mwanamume yeyote mwenye baiskeli alijiona mfanyabiashara. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Kila kitu kilikuwa ruksa. Shingo yangu tu ndiyo haikupata kibali.

Kwa asiyejua mila zetu, nieleze. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamwangalii baba mkwe wake usoni. Haketi mahali alipo, hamsemeshi, jina lake halitamki. Wakikutana njiani, mwanamke anatoka barabarani, anachuchumaa majanini na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Akiwa uani na mzee akaja, anaingia nyuma ya nyumba na kutulia kimya, asisikike. Ni heshima. Sisemi ni mila mbaya, wenzangu wengi waliishi nayo vizuri tu, na familia nyingi za Kikristo zilikuwa zimeshailegeza. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, lakini hakulegeza hata uzi mmoja.

Sasa pata picha. Mimi nimechuchumaa majanini na kanga kichwani, mzee anapita na fimbo yake, ndege wametulia, na mimi najua sitakiwi kusikika. Utanyamazaje? Nilikuwa nauma kanga mpaka inalowa mate. Nasikia hatua zake zinakaribia, nasema moyoni pita, pita, baba, pita haraka. "Hup!" Hatua zinasimama. Hasemi kitu, maana hawezi kunisemesha. Anasimama tu. "Hup! Hup!" Kisha anaondoka, na jioni mama mkwe anakuja kwangu na uso umekunjamana.

"Mzee anasema umemzomea."

"Mama, sijamzomea. Unanijua."

"Mimi nakujua. Yeye hakujui, hajawahi kukuona. Anachokijua ni huo mlio tu."

Kila kosa lilikuwa na kuku wake wa kuomba radhi. Banda langu likawa halikai na kuku. Nikawa natoroka kwenda shambani alfajiri kabla mzee hajatoka, na mpunga ulipoanza kuiva niliomba mimi ndiye niwe naamia ndege kila siku. Wenzangu walidhani nina bidii. Bidii gani! Pale shambani anayeamia ndege anatakiwa kupiga kelele. Nilikaa kwenye kichanja changu nikapiga "Hup!" mpaka roho ikatulia, ndege wakaruka, na kila aliyepita barabarani alinisalimia, "Ndaga, mama, kazi nzuri!" Nimeishi miaka mingi, lakini sijui kama nimewahi kuwa na raha kama ile ya kichanjani.

Jumapili ndiyo iliyoniponza. Kanisani mila ililegezwa kidogo kwa sababu kuimba ni kwa Mungu. Nilisimama mstari wa nyuma wa kwaya, nimejificha nyuma ya akina mama wanene, na mzee alikaa benchi la mbele. Hakuniona, lakini sauti yangu aliisikia. Mwalimu wa kwaya alipenda kunipa kipande cha kuanzisha peke yangu, nami nilianzisha, safi, bila mkwaruzo. Watu wakawa wanamwambia mzee nje ya kanisa, "Mkamwana wako ana sauti." Mzee akaenda nyumbani, akafikiri. Kisha akamtuma mama mkwe kwangu.

"Anasema hivi. Kanisani unaimba beti zote, hakuna kinachokutoka. Kwa hiyo kunyamaza unajua. Ni kwake tu hutaki."

Nilikaa chini. Niliona kabisa jinsi lilivyokaa vizuri, jambo la uongo lililokamilika. Nikamweleza mama mkwe kwamba nikiimba inapotea yenyewe, sijui kwa nini, si mimi ninayeizuia.

"Sasa niimbe kila baba anapopita?"

"Gwe! Uimbe mbele ya mkwe wako kama mlevi wa kilabuni?"

Tukatazamana, na nadhani yeye mwenyewe alitaka kucheka. Hakucheka. Tangu siku hiyo sikuwa tena mgonjwa katika nyumba ile. Nilikuwa na dharau. Mgonjwa ana nafuu, watu watampa hata uji. Mtu mwenye dharau anangojewa tu aanguke.

Na mume wangu? Alikuwa Karonga, huko Malawi, au anatoka Karonga, au anafunga mizigo aende Karonga. Nikimlalamikia anasema, "Jitahidi, mke wangu. Jitahidi kidogo tu." Kana kwamba nilikuwa nimelala usingizi wakati wengine wanajitahidi.

Kilichonifanya nikae ni binti yetu. Mjukuu hana mwiko na babu yake, na mzee yule, sitaki kumsingizia, alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Alimwita "mke wangu", kama mababu wanavyotania, akamkatia miwa, akamkalisha pajani akimsimulia habari za zamani. Mimi nilisikiliza kwa nyuma ya jiko sauti ya mtu nisiyeruhusiwa kumwona akimchekesha mwanangu, na nilimchukia na kumshukuru kwa pamoja.

Mtoto alipoanza kung'oka meno ya utoto, nikaona anafinya macho. Nikajisemea ni moshi. Nikajisemea ni vumbi la pumba. Siku moja tuko kichanjani, akageuza shingo haraka, na kooni kwake kukatoka kimlio kidogo kama cha kifaranga. Akaniangalia akacheka, alidhani ananiigiza. Nikamwambia, "Ukisikia kinakuja ukiwa nyumbani, kimbia uje kwangu huku shambani. Usikitoe kwa babu." Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia babu hapendi ndege. Nilijua wakigundua watasema nimemfundisha, na mtoto aliyefundishwa dharau na mama yake hatakiwi kukaa na mama huyo. Nilikuwa nimeshaona watoto wakibakizwa kwa baba na mama zao wakirudishwa makwao. Ng'ombe wa mahari walikwisha tolewa, mtoto ni wa ukoo. Hilo ndilo nililoliogopa, si kingine. Kufukuzwa mimi nisingelia.

Likaja kuharibika msibani. Amefariki mdogo wake mzee, watu wametoka mpaka Busale, wanaume upande huu na sisi wanawake nyuma ya migomba. Mzee akasimama kumzungumzia marehemu. Watu kimya, hata watoto. Nilijishika shingo kwa mikono yote miwili. Alipofika kusema jinsi mdogo wake alivyokuwa akimheshimu, ikanitoka, kubwa kuliko siku zote, "Hup! Hup!" Mzee aliacha maneno katikati, akakaa. Hakuyamalizia. Mtu amezikwa na maneno nusu kwa ajili yangu. Hata mimi niliona aibu, na aibu yangu nani angeijua?

Msiba ulipoanuliwa wakaita kikao. Kaka yangu akaja kutoka Matema kusimama upande wetu. Nilikalishwa nyuma ya ukuta wa mianzi wa jiko, kwenye mkeka, na wazee wakakaa upande wa pili uani. Kaka alisema yote aliyoyajua: kwamba nimeanza utotoni, kwamba nyumbani hata usingizini hunitoka, kwamba mama alihangaika na waganga. Mzee mmoja akamjibu, "Na kwaya je?" Yeye angejuaje kwa nini kwaya?

Hapo baba mkwe akasema mwenyewe. Alisema bila hasira, polepole, kama mtu anayetoa nafasi. "Mimi si mtu mbaya. Nitaletewa chai hapa. Akinyamaza mpaka nimalize kikombe changu, abaki na mtoto wake, na neno hili sitalitamka tena. Akishindwa, shemeji zetu wamchukue leo hii, na mtoto abaki hapa." Wazee wakaguna kwamba ni haki. Kikombe kimoja tu! Nani atakosa adabu ya kikombe kimoja cha chai? Kupitia upenyo wa mianzi nilimwona mume wangu. Alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli yake, anakagua mnyororo.

Chai ikaja. Nilisikia kijiko kikikoroga. Nikafumba macho nikaanza kuimba moyoni, bila kufungua mdomo, zile nyimbo zote ninazozianzisha Jumapili, ubeti baada ya ubeti, na wallahi ilishika. Ilikuwa inapanda kutoka kifuani, inafika hapa kooni, inakuta wimbo, inarudi. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye mkeka. Mzee alikuwa anapuliza chai yake. Anakunywa kidogo, anaweka kikombe, anaongea na jirani habari za bei ya kakao, anachukua kikombe, anapuliza. Alikuwa anachelewesha kusudi, na mimi naimba. Nikamsikia mama mkwe, aliyekuwa kanisimamia pembeni, akinong'ona, "Bado kidogo, mwanangu. Bado kidogo."

Kisha nikasikia miguu midogo inakimbia uani. Mtoto alikuwa ametoka kucheza, amemwona babu ana chai, akaenda kupanda pajani kwake kama kawaida yake. Hakuna aliyemzuia. Kwa nini wamzuie? Mzee akasema, "Karibu, mke wangu, tumalizie wote."

"Hup!"

Kaka yangu akashusha kichwa. Wazee wakageuka kuangalia jiko. "Mmesikia wenyewe," mmoja akasema. Nikataka kupiga kelele kwamba si mimi, lakini kusema mbele ya mzee ni kushindwa vilevile, na kusema ukweli kulikuwa kumtaja nani? Nikabaki nimeuma kanga. Heri waniambie mimi, nikawaza, heri niwe mimi. Halafu ikaja tena, hapohapo mapajani mwa mzee, ndogo, safi, na wote wakaona inakotoka.

Nilingoja. Mpaka leo nakumbuka nilivyongoja kwa matumaini, mimi mjinga wa Matema. Nilisema sasa ataelewa. Mtoto huyu anampenda, hawezi kumzomea babu yake. Sasa mzee ataona kwamba ni kitu kinachomjia mtu tu, na mimi nimekaa hapa kimya muda wote, chai imebaki funda moja.

"Amemfundisha," akasema baba mkwe. "Amemharibia mjukuu wangu." Akaweka kikombe chini. "Huyu abaki hapa hapa. Ataachishwa. Akikaa mbali na mama yake atasahau."

Ikamjia mtoto tena, na safari hii haikutoka wazi. Ilikuwa kama imezibwa na kitu. Ikaja nyingine, nayo imezibwa. Nikaweka jicho kwenye upenyo nikaona mkono wa mzee, mkono mkubwa wa kushika jembe, umefunika mdomo wa mwanangu mpaka chini ya macho, na yale macho yanafinyika, yanafinyika.

Nilisimama. Mama mkwe akanishika kanga, nikamwachia ikabaki mikononi mwake. Nikazunguka ukuta nikatokea uani kichwa wazi, mbele ya wazee wote, nikamwendea baba mkwe wangu na kumwangalia usoni. Watu wakapiga yowe, wengine wakajifunika macho. Miaka yote ile sikuwahi kuiona sura yake. Alikuwa mzee wa kawaida tu, ana makovu ya ndui, midomo imekauka kwa woga. Nikaushika ule mkono, mimi mkamwana nikamshika mkwe wangu mkono, nikauondoa kidole kimoja kimoja, nikamwinua mwanangu.

"Hajafundishwa, baba," nikamwambia. "Na mimi sikufundishwa." Nikamalizia na "Hup!" moja kubwa kuliko ile ya msibani, kwa sababu nilikuwa nimeibana tangu chai ilipoletwa.

Hakuna aliyetuzuia. Sijui waliniogopa au walitaka niondoke tu na laana yangu kabla haijawagusa. Mume wangu alisimama na mikono yake ya grisi. Hakutufuata siku hiyo wala siku nyingine. Kaka alibaki nyuma kusikiliza habari za ng'ombe watakaodaiwa.

Tulitembea barabara ya kwenda Kyela mjini, mimi bila kanga, mtoto miguu peku. Jua lilikuwa kali, mpunga pande zote mbili, hakuna mtu. Niliiachia yote. Shingo, macho, koo, vyote vikafanya vinavyotaka, na nilikuwa nalia na kucheka, nikajua leo nimemwokoa mwanangu. Nikamwangalia kumwambia na yeye aachie, hapa ni kama kichanjani, piga kelele mpaka uchoke.

Alikuwa ametembea muda wote akiwa amejiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe.

"Toa mkono, mama," nikamwambia. "Babu hayupo. Hakuna mtu hapa."

Akatikisa kichwa. Nikajaribu kumtoa ule mkono kama nilivyoutoa wa babu yake, akaukaza. Mbele yetu akatokea mwanamke mmoja amebeba mkungu wa ndizi kichwani, mtu wa watu tu, anatabasamu kwa mbali kutusalimia. Mwanangu alipomwona akaongeza na mkono wa pili.